Kuwacheka Vijana kwa Miili Yao Si Utani

Mwezi huu twataka kusema habari ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, wala si dogo. Ni desturi ya kuwacheka wavulana na wasichana kwa miili yao, hasa wale walio kati ya miaka 10 na 19, ambao si watoto tena wala hawajawa watu wazima. Twasema waziwazi tangu mwanzo, ili msomaji asihangaike kututafuta maana: aibu aionayo kijana juu ya mwili wake hakuzaliwa nayo. Alitiwa. Na waliomtia, mara nyingi, si wageni wala si adui zake. Ni watu wa nyumbani mwake, na jirani zake, na pengine mwalimu wake. Nao hawakumtia kwa fimbo, bali kwa kicheko.

Angalieni jinsi kijana apokewavyo arudipo nyumbani wakati wa likizo. Kabla hajaweka chini sanduku lake, shangazi amekwisha kumzunguka akimtazama kama mtu anunuaye mbuzi mnadani. "Ala! Mbona umefura hivyo? Huko shuleni mwalishwa pumba?" Watu wote barazani hucheka. Akija nduguye, yeye huambiwa, "Na wewe chakula chako chaenda wapi? Umekuwa kimbaumbau, upepo utakuchukua." Wa tatu, mwenye chunusi, huambiwa kwamba uso wake umekuwa kama ganda la fenesi. Wa nne, aliye mfupi, huulizwa kama alipandwa kichwa chini. Wa tano, aliye mweusi sana, huambiwa akae karibu na taa apate kuonekana. Kisha chakula huandaliwa, wote hula kwa furaha, na wale waliosema wamekwisha kusahau. Lakini yule aliyeambiwa hakusahau. Neno lile alikwenda nalo kulala, akaamka nalo, na likizo ikiisha atarudi nalo shuleni.

Sisi waalimu twaona mwisho wa maneno hayo, maana darasani ndimo yanamotoa matunda. Yuko mvulana mrefu kuliko wenzake wote, ajuaye jibu la hesabu, lakini hasimami kulisema, kwa kuwa akisimama wataanza kumwita Twiga. Yuko msichana atembeaye amejikunja mabega na kushika vitabu kifuani, kwa sababu matiti yalimwota mapema na wakubwa wakafanya mchezo wa kuyasema. Yuko mvulana aliyekuwa hodari wa mpira, akaacha, kwa kuwa siku ya kucheza upande mmoja huvua mashati. Yuko msichana asiyefika shuleni siku tatu au nne za kila mwezi, wala si kwa maumivu. Ni kwa hofu kwamba akipata doa katika sketi atachekwa. Walimu wengine huandika katika daftari ya mahudhurio, "Mvivu." Lakini uvivu hauji kwa tarehe.

Tena wengi wa hao wanaocheka hawajui wanalolicheka. Mwili wa kijana una saa yake, na saa hiyo haikutiwa ufunguo na mtu ye yote. Msichana aliye mzima huanza kubadilika wakati wo wote kati ya miaka 8 na 13, na mvulana kati ya miaka 9 na 14. Maana yake, wasichana wawili waliozaliwa juma moja, katika mtaa mmoja, waweza kupishana miaka mitano, na wote wawili wakawa wazima kabisa. Chunusi hazitokani na uchafu, wala hazitokani na mawazo mabaya, kama wasemavyo watu wengine. Wakati wa kubaleghe ngozi hutoa mafuta mengi kuliko desturi yake, vitundu vyake vikaziba, basi. Wavulana wengi pia huvimba kidogo chini ya chuchu wakati huo, wakadhani wanageuka wanawake. Nao uvimbe huo huondoka peke yake, kwa kawaida katika muda wa miaka miwili hivi. Kijana aliyeambiwa mambo hayo mapema huyangoja kwa utulivu. Asiyeambiwa hujiona ameharibika, naye hana wa kumwuliza, kwa maana wale ambao angewauliza ndio hao wanaomcheka. Mkulima gani asimamaye shambani akayacheka mahindi yake kwa kuwa hayajatoa mbelewele, hali mahindi ya jirani yaliyopandwa mvua ya kwanza yamekwisha kutoa? Angeitwa mjinga. Lakini afanyaye hivyo kwa mwanawe huitwa mcheshi.

Liko na jambo la pili lipasalo kujulikana. Mwaka 1967 mtaalamu mmoja wa Marekani, David Elkind, aliandika kwamba kijana wa umri huu huishi kama mtu aliye mbele ya watazamaji. Katika fikira zake watu wote wanamwangalia, na kila mmoja anapima uso wake, nguo zake, mwendo wake na sauti yake. Watazamaji hao wengi wao hawako. Ni kazi ya mtu mzima, kwa upole na kwa mfano, kumwonyesha kijana kwamba hawako, mpaka akue na kuyaona mwenyewe. Basi afanyaje yule amwitaye mbele ya wageni na kumtangaza unene wake? Amwambia, "Ulikuwa na haki kuogopa. Kweli tunakuangalia, na kweli tumekuona una kasoro." Hofu ambayo ingepita pamoja na ujana, yeye aipigilia misumari.

Sasa tuwajibu wale ambao, tukisema haya, hutukatiza na kusema, "Ninyi waalimu mmesoma hata mmesahau kwenu. Huo ni utani tu, nao ni desturi yetu tangu babu."

Twajibu kwamba utani twaujua, tena twaupenda, na kwa sababu twaupenda hatutaki jina lake litumiwe kufunika uonevu. Utani una sheria zake. Sheria ya kwanza ni kwamba mtani hujibu. Mhehe na Mngoni, ambao babu zao walipigana vita, hutaniana leo kwa maneno makali kabisa, lakini kila mmoja ana haki ya kurudisha, na hakuna akasirikaye. Babu humwita mjukuu wake "mke wangu", akamwambia hajui kupika. Naye mjukuu humjibu kwamba hamtaki mume asiye na meno, na nyumba nzima hucheka, na babu wa kwanza. Huo ndio utani: mpira hutupwa na kurudishwa. Sheria ya pili ni kwamba utani una wajibu. Mtani akutaniaye leo ndiye atakayekuja kushika kazi siku ya msiba wako. Je, shangazi aliyemwambia msichana kwamba amefura kama gunia, yuko tayari kuambiwa na msichana yule habari ya kiuno chake mwenyewe? Mtoto akithubutu kujibu hivyo atapigwa kofi, na kuambiwa hana adabu. Basi mchezo ambao mmoja hutupa mawe na mwingine amekatazwa hata kuinua mkono, hauitwi utani katika kabila lo lote. Wahenga wenyewe walituonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tena wakasema hujafa hujaumbika, nao hawakusema hivyo ili kupamba kanga.

Wengine watasema, "Tunamcheka ili ajirekebishe. Asipoambiwa kwamba ni mnene, atapunguaje?" Neno hili lina sura ya hekima, lakini halina kweli. Kwanza, ni mambo mengi gani ya mwili ambayo mtoto aweza kuyarekebisha? Je, aweza kuukata urefu wake, au kubadili pua aliyoirithi kwa mamaye? Pili, hata katika unene, wataalamu waliowafuata vijana kwa miaka mingi wameona kwamba wale wanaochekwa kwa unene hawapungui kwa kuchekwa; mara nyingi huzidi kunenepa kuliko wenzao. Wala si ajabu. Kijana anayechekwa huacha michezo ili asionekane akikimbia, hukaa ndani peke yake, hula kwa kujificha, na pengine hushinda na njaa siku nzima kisha akala usiku kupita kiasi. Kama kweli twamtakia afya, tulime naye, twende naye kisimani, tupunguze mafuta na sukari katika chungu cha nyumba nzima, bila kumtaja. Hiyo ni msaada. Kicheko si dawa; hakuna hospitali iitoayo.

Wako wa tatu, nao ndio wengi siku hizi, wasemao kwamba kosa ni la simu. "Watoto wetu," wasema, "wameharibiwa na picha." Hapo wana sehemu ya haki, wala hatutaki kuwanyima. Katika mkoa wa Nadroga, visiwa vya Fiji, desturi ya zamani ilikuwa kuusifu mwili mnene wenye nguvu. Televisheni ilifika huko mwaka 1995. Daktari mmoja wa Marekani, Anne Becker, aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo huo, wala hakukuta hata mmoja aliyejitapisha ili kupunguza mwili. Alipowahoji wasichana wengine wa umri ule mwaka 1998, alikuta asilimia 11 wakifanya hivyo. Miaka mitatu tu ilitosha. Tena mwaka 2021 magazeti ya Marekani yalifunua karatasi za siri za kampuni yenye Instagram, nazo zilionyesha kwamba, kati ya wasichana waliohojiwa, asilimia 32 walisema kwamba wakijisikia vibaya juu ya miili yao, Instagram huwazidishia. Kwa hiyo mzazi ampaye mtoto simu na kumwacha nayo usiku kucha, asiseme hakuonywa.

Lakini twawauliza hawa wanaoilaumu simu: mbona maneno haya ya kimbaumbau na kichwa kikubwa yalikuwako kabla hakujafika hata waya mmoja wa umeme kijijini? Picha ya simu haimjui mtoto wako kwa jina. Haijui kwamba ana kovu mguuni, wala haikuwako siku alipojikwaa mbele ya kanisa zima. Wewe wamjua, na kwa kuwa wamjua, neno lako humwingia ndani zaidi. Mtoto ambaye nyumbani kwake mwili wake uliheshimiwa huiona picha ile, akaitamani kidogo, akaiacha. Lakini yule aliyekwisha kuambiwa na mamaye mdogo kwamba ni mbaya, akiiona picha ile hupata ushahidi. Simu ni kiberiti, hatukatai. Bali kuni zilikatwa na kukaushwa nyumbani.

Wala hao wenye kuwapima watoto hawana kipimo kimoja. Jamaa wa kijijini humwona msichana mwembamba, wakanong'ona kwamba ni mgonjwa. Msichana huyo huyo akienda Dar es Salaam kwa binamu zake, huambiwa aache ugali kwa kuwa amenenepa. Mwaka huu makalio makubwa ni sifa, mwaka ujao ni kicheko. Mvulana akiwa na misuli huitwa kuli, akikosa misuli huitwa mwanamke. Ni soko gani hili ambalo mizani hubadilishwa kila siku, na muuzaji ndiye atozwaye faini? Kijana akijaribu kuwaridhisha wote atakufa maskini wa roho, maana hata akifaulu mtihani wa Jumatatu, Jumanne mtihani ni mwingine.

Sasa tuseme habari ya ngozi, kwa kuwa hapo ndipo kicheko kinapogeuka kuwa sumu kwelikweli. Watu humsifu msichana mweupe, au yule wa rangi ya maji ya kunde, na kumwambia mweusi kwamba atapata mume kwa shida. Kisha hushangaa wakimwona amenunua mkorogo. Katika mafuta hayo ya kujichubua, mengi yametiwa zebaki, au dawa iitwayo haidrokwinoni, au dawa kali ambazo waganga huzitoa kwa ugonjwa wa ngozi kwa siku chache tu. Zebaki huzuia ngozi kufanya rangi yake. Lakini haikomi hapo, hupenya ikaingia damuni, ikadhuru mafigo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa siku nyingi yaweza kuleta mabaka meusi ya samawati yasiyotoka tena, hata yule aliyetaka weupe akapata weusi wa aina ambayo hakuzaliwa nayo. Zile dawa kali huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, ikapasuka michirizi, na kidonda kikichelewa kupona.

Wala hilo si uvumi. Yako mapatano ya mataifa juu ya zebaki, yaliyofanywa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, yaitwayo kwa jina la Minamata, mji wa Japani ambako mwaka 1956 yalitambuliwa rasmi maradhi ya watu waliokula samaki wenye sumu ya zebaki iliyomwagwa na kiwanda. Mapatano hayo yaliagiza kwamba vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika 1,000,000 vikomeshwe ifikapo mwaka 2020. Na mwaka 2023 mataifa yakakaza zaidi, kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe ifikapo 2025. Serikali ya Tanzania nayo imekataza mafuta yenye zebaki na haidrokwinoni. Lakini bado yapenyezwa na kuuzwa magengeni, mara nyingine katika vikopo visivyo na jina. Msomaji akiona chombo kisichoandikwa yaliyomo, au chenye onyo kwamba mafuta yasiguse dhahabu wala fedha, na ajue kwamba yaelekea zebaki imo.

Tena angalieni mambo yalivyo kinyume. Rangi ile nyeusi ambayo watu huifukuza kwa fedha ndiyo ngao ya ngozi juu ya jua. Ndugu zetu wenye ualbino hawanayo, na kwa kuikosa wengi wao hupata saratani ya ngozi wangali vijana. Kwa ajili yao, katika hospitali ya KCMC huko Moshi, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, ili yafanye kwa kiasi kazi ile ambayo ngozi nyeusi huifanya bure. Basi katika nchi moja, huyu hupakwa mafuta ili apate kinga asiyonayo, na yule hujipaka mafuta ili aiharibu kinga aliyopewa. Na wote wawili wamefikishwa katika taabu yao, kwa sehemu, na vinywa vya watu: mmoja alichekwa kwa weupe, mwingine kwa weusi. Ajuaye rangi ambayo haichekwi na atuonyeshe.

Na akina mama twawaambia neno hili kwa heshima: mwana hufuata kisogo cha nina. Mama ajichubuaye chumbani, kisha akamwambia binti yake kwamba rangi yake ni nzuri, amesema maneno mawili, na mtoto atalishika lile aliloliona.

Wengine wataona tumezidisha, kwamba neno tu haliwezi kumwangusha mtu. Mwaka 2017 nchi ya Kenya ilitunga sheria kwamba wasichana wa shule wapewe taulo za kike bure. Ni sheria njema, na twatamani ifuatwe kila mahali. Lakini mwaka 2019 magazeti ya nchi ile ile yalileta habari ya msichana wa shule aliyejiua. Mama yake alisema kwamba mwanawe alikuwa ameitwa mchafu mbele ya darasa kwa sababu ya doa la damu. Serikali yaweza kununua taulo na kuzipeleka kwa magari mpaka kijiji cha mwisho. Haiwezi kununua ulimi wa mtu na kuuweka kabatini. Hiyo ni kazi yetu wenyewe, na wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Sisi tunaosoma Maandiko tuna sababu nyingine. Twajua habari za Sauli, aliyewapita watu wote kwa urefu, na jinsi ufalme wake ulivyoisha. Twajua jinsi Samweli alivyoingia nyumbani kwa Yese, akamtazama mwana wa kwanza kwa umbo lake, akadhani amekwisha kumpata mfalme. Naye akakemewa, na aliyetakiwa alikuwa bado malishoni na kondoo, hakuitwa hata mezani. Kama nabii aliweza kudanganywa na urefu wa mtu, mtu wa barazani ajihadhari.

Basi tufanyeje? Hatupendi kulaumu bila kuonyesha njia, kwa hiyo twataja mambo manne.

La kwanza ni salamu. Kijana arudipo, aulizwe habari za safari, na za masomo, na za rafiki zake. Mwili wake uachwe. Kama mtu anaona kweli kijana amekonda kwa ugonjwa, amwite kando, amwulize kwa sauti ya chini. Lisemwalo kando ni huruma. Lile lile likisemwa barazani ni fimbo.

La pili ni majina. Kila nyumba na ifanye hesabu ya majina ya kebehi yanayotumika ndani yake, Njiti, Kibonge, Mbilikimo na mengineyo, na iyazike. Mtoto ana jina alilopewa siku ya ubatizo, nalo latosha.

La tatu ni mafundisho. Zamani somo na kungwi walikuwa na majira yao, na kijana hakuingia utu uzima bila kuambiwa mwili wake utafanya nini. Mahali pengi mafundisho hayo yamekoma, na hakuna aliyeyashika badala yao. Wazazi husema shule itafundisha, na shule husema wazazi watafundisha, na katikati hapo mtoto hufundishwa na simu. Baba na aseme na mwanawe, mama na binti yake, kabla ya miaka 10, kwa maneno ya heshima yasiyofichaficha.

La nne lawahusu waalimu wenzetu. Mwalimu amwitaye mwanafunzi kwa umbo lake, hata mara moja, amewapa watoto 50 ruhusa ya kumwita hivyo mwaka mzima. Shule na iweke sheria kwamba kicheko cha namna hiyo ni kosa kama wizi, tena aulizwe kwanza mkubwa, ndipo mdogo. Na mwalimu au mzazi akiona kijana ameacha kula, au anajitapisha, au anajificha na watu siku nyingi, asimwite mkaidi. Ampeleke hospitali, maana huo nao ni ugonjwa na una matibabu.

Mwisho twasema nanyi, wavulana na wasichana, mnaosomewa gazeti hili au mnaolisoma wenyewe. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani, Thomas Gilovich na wenzake, walitangaza jaribio walilofanya. Walimvika mwanafunzi fulana yenye picha ya kumtia haya, wakamwingiza katika chumba cha wenzake, kisha wakamwuliza ni wangapi walioiona picha ile. Walipofanya hivyo kwa wengi, walikuta kwamba waliovaa walidhani karibu nusu ya wenzao wameiona. Kumbe walioiona walikuwa karibu robo. Jueni basi kwamba macho yanayowatazama ni machache kuliko mnavyodhani. Wengi wa hao mnaowaogopa wanashughulika na kuogopa macho yenu. Tena mwenzenu akichekwa, msicheke. Kicheko cha mtu mmoja, kisipopokewa na wa pili, hufa hapo hapo, na aliyekianzisha huona haya mwenyewe. Huo ni uwezo mlio nao ninyi, hata kama watu wazima hawasikii.

Nanyi wazazi, likizo ya shule i karibu. Watoto watashuka katika mabasi, warefu na wafupi, wanene na wembamba, wengine sauti zimewakwaruza, wengine nyuso zimewatoka chunusi. Watakuja wakiangalia nyuso zenu kabla ya kuangalia chakula. Wapokeeni mizigo yao, wakaribisheni ndani, waulizeni wamejifunza nini.